Tetea wa Mwalushola

Nimestaafu mwezi uliopita. Waliniandalia soda, keki na hotuba, na katika hotuba nikasifiwa kwamba miaka yote niliyofanya kazi ya mifugo huku Bariadi na Maswa sikuwahi kupata kashfa. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Aliyeiandika hotuba ile ni kijana, alikuwa bado shule ya msingi wakati wa mambo ninayotaka kuyasema hapa, kwa hiyo simlaumu. Ninyi mnaobaki ofisini mliniomba niwaachie maandishi kidogo kuhusu kazi, hasa upande wa kuku, maana huko ndiko nilikozeekea. Haya, nimeandika. Lakini mkitafuta sifa humu mtachoka bure.

Nilifika Bariadi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, nimevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulikuwa watu wa Shinyanga. Mkuu wangu wa kwanza aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Lalago. Akasema mtu wa Lalago anazaliwa anawajua ng'ombe, basi nianze na kuku ili nisiwaletee ujuaji. Mnajua wenyewe, Usukumani mtu akisema mifugo anamaanisha ng'ombe. Mbuzi anatajwa kwa huruma, na kuku hatajwi kabisa. Kila mgeni ofisini alipewa kuku kwa mwaka mmoja ili apunguzwe kimo, kisha anahamishiwa kwenye josho la kuogeshea ng'ombe na wanaume wenzake. Mimi nilisahauliwa hukohuko. Wenzangu waliniita Bwana Kuku, na nilipokuja kuzoea jina hilo wao walikuwa wamelichoka.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti. Aliitwa Mzee Shimba, mhudumu wa mifugo, mtu wa gambuti zilizochakaa na maneno ya kuhesabu. Siku yangu ya tatu tulikwenda kijijini kwa baiskeli, akaomba apewe kuku aliyekufa asubuhi ile, akamlaza juu ya gunia na kumpasua kwa kisu cha kukunja. Akanionyesha kitumbo kidogo kilicho kabla ya firigisi. Ndani kilikuwa na madoa ya damu, kama kimechomwachomwa kwa sindano. Akasema nikiona hivyo nijue ni kideri, na nisipoona nisiseme si kideri, nipasue mwingine. Kisha akachimba shimo, akamzika yule kuku pamoja na gunia, akaosha kisu, akaosha mikono, akaosha gambuti mpaka kwenye nyayo. Nikamwuliza kwa nini anaosha matope ilhali tunakokwenda kuna matope mengine.

"Kideri hakina miguu," akanijibu. "Kinatumia yako."

Chuoni walikuwa wamenifundisha ugonjwa huo kwa kurasa nyingi. Yeye aliumaliza kwa maneno hayo, akapanda baiskeli.

Kulikuwa na tabia yake moja iliyonitia aibu. Huku kwetu mgeni aliyekuja kwa jambo la heri haondoki mikono mitupu. Atapikiwa kuku, na kama ana haraka, kuku anafungwa miguu anapewa hai aende naye kwake. Kumkataa kuku huyo ni kumkataa aliyekupa, na mtu uliyemkataa hatakufungulia mlango wake tena. Mzee Shimba hakuwahi kukataa, ila kila mara alitaka apikiwe papo hapo. Hata kama tumetoka kula nyumba ya jirani, angekaa kwenye kigoda akangoja saa nzima, akala, akashukuru, na manyoya yakabaki palepale. Watu walisema mzee ana tumbo. Mimi nilisema hivyo pia, tena kwa sauti kubwa kuliko wao, kwa kuwa nilikuwa mtaalamu na yeye mhudumu. Alistaafu, akafariki, mimi bado nikimsimulia kama mlafi.

Kazi yenyewe, kwa anayeanza, ni hii. Kideri huja na kiangazi. Pamba ikishavunwa na upepo wa vumbi ukianza, kuku wanasinzia na mabawa chini, wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda, na ndani ya wiki boma zima limenyamaza. Dawa ya kutibu hakuna. Kuna chanjo, tone moja kwenye jicho moja, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Mlaze kuku ubavu, dondosha, ngoja apepese na tone lizame, ndipo umwachie. Nenda asubuhi kabla hawajafunguliwa, maana kuku wa kienyeji akishatoka nje wa kumkamata ni mwewe peke yake. Na hili mlishike kuliko yote: chanjo haimkingi kuku siku unayomchanja. Inachukua wiki mbili hivi mwili wake ujifunze. Ukichanja kuku ambaye kideri kimeshamwingia, atakufa, na watu watasema umemwua wewe.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenifundisha ni kwamba kuku ni wa akina mama. Nilipoteza miaka mitatu nikiitisha mikutano inayojaa wanaume. Walikaa mpaka wakasikia neno kuku, halafu wakanyanyuka mmojammoja kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa na mchungaji tayari. Nikaacha mikutano. Nikawa nawafuata akina mama kisimani na nje ya makanisa siku ya Jumapili, na huko ndiko kazi ilikoanza kuonekana. Tulianza kuwafunza wachanjaji wa vijijini, akina mama wenyewe, kila kijiji mmoja. Chanjo tuliyokuwa tukiwapa ililetwa vijijini kwa sababu inavumilia joto kuliko zile za zamani. Haitaki friji kila saa. Ukiiweka mahali pa ubaridi, ukaizungushia kitambaa kibichi, inakaa siku kadhaa bila kuharibika. Niliwachorea ubaoni chungu chenye mchanga uliolowa maji, kichupa kikiwa katikati. Naomba mkikumbuke chungu hicho, maana nakuja kukivunja mwenyewe.

Katika mafunzo hayo ndipo nilipomjua Minza. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Sola aliyeolewa Itubulilo, kijiji kilichonisumbua miaka miwili kikikataa chanjo kwa kuamini kwamba inafunga mayai. Mume wake alipofariki, ng'ombe walirudi kwa shemeji zake kama ilivyo desturi. Kuku hakuna aliyekumbuka kuwarithi. Alibaki nao kwenye boma la wakweze, na kwa kuku hao binti yake alikuwa kidato cha pili. Wenzake walikaa nyuma wakanyonyesha na kusinzia. Yeye alikaa mbele, na ndiye peke yake aliyeuliza swali: jirani yangu akikataa chanjo, kuku wangu watapona? Nikamwambia wake watapona, ila ni vizuri jirani naye akubali. Akasema basi atakwenda kwa jirani. Alikwenda kweli, nyumba kwa nyumba, miezi minne, akianza na mama mkwe wake, Mayu Ngolo, yaani Mama Ngolo, ambaye alikuwa mgumu kuliko kijiji kizima. Wakwe walimtazama tu. Alijua na mimi nilijua kwamba wakifa kuku, au likichafuka jina lake, hana kingine cha kumweka pale.

Siku ya chanjo Itubulilo ilipangwa baada ya mavuno ya pamba, kabla ya upepo. Karibu nyumba zote zilikubali, na kichupa cha chanjo nilikuwa nimempelekea Minza siku mbili kabla, akakiweka kwenye chungu chake. Siku hiyohiyo nilikuwa na kazi ndogo Mwalushola, kijiji cha njiani, nikaona nipitie huko kwanza asubuhi na mapema.

Kwenye boma la pili pale Mwalushola niliona kuku wawili wamesimama ukutani, manyoya yamevimba, macho yamefumba. Chini kulikuwa na choo cha kijani. Mama mwenye nyumba akaniuliza wana nini. Nikamwambia ni baridi ya asubuhi, jua likitoka watachangamka. Sikuwapasua wala sikuwashika. Ningekiita kwa jina lake ningelazimika kusimama hapohapo, kumwita mwenyekiti, kuzuia kuku wasitoke, na kutuma habari Itubulilo kwamba leo siji. Na Itubulilo nilikuwa nimeibembeleza miaka miwili. Sikutaka kideri, basi nikaamua si kideri. Nikawachanja waliosimama vizuri nikafunga mfuko.

Yule mama akanipa tetea mwekundu, mnene, mwenye macho maangavu. Nilikuwa na haraka. Kumi na moja kati ya maneno kumi na mawili niliyowafundisha akina mama yalikuwa kwamba kuku mgeni asichanganywe na wenyeji, akae kwenye tenga peke yake wiki mbili kwanza. Lakini niliyafundisha kwa kuku wa mnadani. Huyu hakuwa wa mnadani, alikuwa heshima yangu. Nadhani ndivyo nilivyowaza, kama niliwaza. Akafungwa miguu kwa kitambaa, nikamning'iniza kwenye usukani wa pikipiki, nikaenda naye Itubulilo.

Minza alikuwa ananingoja. Kuku walikuwa bado wamefungiwa kila nyumba kama nilivyoagiza. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, akamwona yule tetea kichwa chini, akasema ameteseka huyu ngoko. Akamfungua mwenyewe, akamfunga kamba mguuni chini ya upenu wake, akachukua kile kibati walichokuwa wakinywea kuku wake akamtilia maji. Aliponywa, akakirudisha kibati mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka hapo nikinywa uji. Niliona kila kitu. Kisha tukapita nyumba kwa nyumba mpaka adhuhuri, yeye akishika na mimi nikidondosha, halafu tukabadilishana, kwa mikono ileile. Nyumba kama sita hivi zilikataa kutufungulia. Tukaziacha. Mchana nikamfunga tena tetea wangu kwenye usukani nikarudi Bariadi nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kazini.

Siku ya nne tetea alisinzia akiwa amesimama. Siku ya tano alikufa. Nikampasua nyuma ya nyumba yangu, nikakuta yale madoa ya damu. Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Shimba na kigoda chake na saa nzima ya kungoja chakula. Hakuwa na njaa. Alikuwa hataki kutoka na kuku hai ndani ya kijiji, na hakutaka kumwaibisha mtu kwa kumkatalia. Alikubali aitwe mlafi. Nilikaa chini kwenye tofali na yule kuku mbele yangu, nikaona aibu.

Mke wangu akaja akaniuliza ni nini. Nikamwambia kideri. Akaniuliza amepitia wapi huyu. Nikamwambia Itubulilo. Akaniuliza kama nimewapelekea habari. Nikasema nitakwenda kesho.

Ningekwenda kesho ile, vijana, wengine wangepona. Siku tano si nyingi. Ningewaambia wafungie kuku, wasiuze, wasipelekeane, wazike wanaokufa, wasitupe manyoya kwenye njia. Lakini kwenda kulitaka niseme kimetoka wapi, na niliogopa. Niliogopa mkuu wangu, niliogopa kuchekwa na watu wa josho, na niliogopa uso wa Minza. Kesho ikawa kesho kutwa. Siku ya nane alinipigia simu yeye, akaniambia kuku wanasinzia, afanye nini. Nikampa maelekezo yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kitaalamu. Sikumwambia kimoja tu.

Kideri kilipita Itubulilo kama kilivyopita kwangu, maana hata wa mke wangu hawakubaki. Kuku tuliowachanja walikuwa bado hawajapata kinga, wakafa. Na tazameni ubaya wa bahati: zile nyumba sita zilizotukatalia, tulikokuwa hatujaingia na mikono yetu, ndizo zilizobaki na kuku muda mrefu kuliko zote. Mtu yeyote mwenye macho aliona ushahidi. Palipoingia tone, kuku wamekwisha. Palipofungwa mlango, jogoo anawika. Hata mimi ningekuwa mkulima ningesema ni chanjo.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita kwenye mkutano wa hadhara. Safari hii wanaume hawakuondoka. Niliwekwa kwenye kiti mbele, Minza akakaa chini upande wa akina mama, na akina mama walikuwa wamesogea wakamwachia nafasi pande zote mbili. Mayu Ngolo akasimama akasema kila nyumba mkono wa mkwe wake ulipoingia imebaki tupu, na yeye mwenyewe amebaki na vifaranga hata vitatu havifiki. Kutoka nyuma mtu akatupia neno moja la Kisukuma, la kumwita mtu mchawi, ambalo sitaliandika. Mnalijua. Likishamgusa mwanamke huku kwetu halifutiki kwa sabuni yoyote, na wengine limewamaliza kabisa. Niliona mabega ya Minza yakishuka.

Mwenyekiti akaniuliza mimi kama mtaalamu, je, chanjo ndiyo iliyoua?

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lilikuwa na jina langu ndani yake. Minza aliniangalia, hakuwa na hasira, alikuwa anangoja.

"Chanjo ni nzuri," nikasema. "Ila chanjo inataka ubaridi. Ikipata joto inaharibika."

"Alikuwa anaiweka wapi?"

"Kwenye chungu."

Watu wakacheka. Chungu, jamani. Dawa ya serikali kwenye chungu. Chungu kile nilikichora mimi, nikakisifu mimi, na nilipokiona nyumbani kwake mchanga ulikuwa mbichi na kichupa kilikuwa baridi mkononi mwangu. Hakuna pale aliyejua hayo isipokuwa sisi wawili. Nilingoja aseme. Hakusema. Mkutano ukaamua kwamba chanjo ni nzuri, mchanjaji ndiye mbaya, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa na mtu wa kumchukia.

Kabla mahindi hayajapandwa, shemeji zake walimwambia aondoke. Wengine walisema ana bahati ameondoka kwa miguu yake. Alikwenda Lamadi na binti yake kuuza dagaa, na binti hakurudi shule. Itubulilo hawakuchanja tena. Habari zikatembea, vijiji vya jirani navyo vikaanza kutufungia milango, na kila kiangazi kideri kimepita humo kama mwenye mali. Katika taarifa zangu za kila robo mwaka niliandika kwamba mwitikio wa jamii ni mdogo. Mkizifungua mtaliona neno hilo miaka kumi mfululizo. Hakuna mkuu aliyewahi kuniuliza kwa nini ni mdogo, nami nilishukuru kila alipokaa kimya.

Niliendelea na kazi. Nilichanja maelfu ya kuku sehemu nyingine, nikafunza wengine, nikawa nadai nipikiwe papo hapo kila kijiji, na watu wakaanza kusema Bwana mifugo naye siku hizi ana tumbo. Nilidhani kwamba nikikusanya mema ya kutosha lile moja litafunikwa. Nawaambieni halifunikwi.

Wiki mbili baada ya keki na soda nilipanda basi kwenda Lamadi. Kumpata hakukuwa kazi, wauza dagaa wanajuana. Nilimkuta asubuhi anageuza dagaa kwenye wavu wa kuanikia, amenenepa kidogo, mvi mbili tatu. Akanijua hapohapo.

"Mwangaluka, Bwana mifugo."

"Mwangaluka, mayu."

Akanionyesha ndoo iliyopinduliwa nikae. Akaendelea kugeuza dagaa huku akiniuliza habari za mke na watoto. Nikamjibu, kisha nikamweleza yote, tangu wale kuku wawili ukutani mpaka yale madoa ya damu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya basi lakini yalitoka ovyo. Alinisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Nilijua," akasema. "Kuku wangu ndio walioanza, wale wanaonywea kile kibati. Kabla ya nyumba zote. Nikakumbuka tetea wako."

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile mkutanoni.

"Ningesema mimi, nani angenisikia? Mjane anamsingizia Bwana mifugo." Akatoa jani kwenye dagaa akalitupa. "Nilikungoja wewe. Nilisema huyu ni mtu mzima, atasema."

Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumdai. Nilipokuwa naaga alininyooshea mkono wenye magamba ya dagaa, akaniambia kitu nilichorudi nacho njia nzima.

"Umesafiri kuja kumwambia anayejua. Wasiojua wako Itubulilo."

Wiki iliyofuata nilikwenda. Walikuwa na mkutano wa mambo ya pamba, nikamwomba mwenyekiti, ambaye ni mpya na kijana, anipe muda kidogo. Akawaambia watu kwamba mzee wetu wa mifugo amestaafu, amekuja kuaga. Kiti cha plastiki kikaletwa kutoka boma la jirani ili mgeni akae. Sikukaa. Nikasimama mbele ya kiti nikasema kwamba mwaka ule kideri nilikileta mimi, kwenye usukani wa pikipiki, na nilijua siku ya tano. Nikasema chanjo haikuharibika. Nikasema chungu kilikuwa sawa, nilikifundisha mimi, na Minza hakukosea hata jambo moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Vijana wengi hawakujua nazungumzia nini. Mwanamume mmoja akauliza kama nataka kugombea udiwani, watu wakacheka, na kwa dakika moja nilidhani yamekwisha hivyo, yamezama kwenye kicheko kama yalivyozama mara ya kwanza.

Mayu Ngolo akasimama. Amezeeka sana sasa, anatembea kwa fimbo. Alikuja mpaka mbele, taratibu, na watu wakanyamaza kwa sababu ya mwendo wake.

"Kwa hiyo mke wa mwanangu tulimfukuza bure," akasema.

"Ndiyo, mayu. Bure."

"Na wewe siku ile ulikuwa umekaa hapa mbele, unajua."

"Nilikuwa nimekaa hapa, najua."

Nilitamani anitukane.

"Naomba kiti changu," akasema.

Nikasogea. Akakishika kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine. Mtu mmoja akainuka kumsaidia, akamkatalia. Akaondoka nacho akikiburuta mpaka kwenye boma lake, na mwenyekiti akarudi kwenye mambo ya pamba. Hakuna aliyeleta kiti kingine. Nilibaki pale nimesimama mpaka mkutano ulipokwisha.